Babu hakuruka Normandy. Je, alidanganya?

*"Shikamoo mwalimu. Nimeolewa na Mmarekani mweusi na tunaishi hukuhuku Marekani. Familia yao ina hadithi inayosimuliwa kila sikukuu: marehemu babu yake mume wangu aliruka kwa mwavuli Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, akapigana na Wajerumani. Mwezi uliopita tulikuwa tunasafisha dari la nyumba ya mama mkwe tukakuta sanduku lake. Ndani mlikuwa na karatasi yake ya kuachishwa jeshi, imeandikwa batalioni ya 555 ya miamvuli, na pale penye mapigano pameandikwa 'hakuna'. Kuna beji ya mabawa, kipande cha karatasi nene yenye rangi ya chai, na kitu cha chuma kama mkebe, kizito, kimeshika kutu. Kuna pia picha ya vijana wanne weusi wenye kofia ngumu za wavu wa waya usoni, nyuma imeandikwa 'Pendleton 1945'. Mwanangu wa darasa la tano alitaka kuipeleka hadithi ya babu shuleni. Mama mkwe alipoisoma ile karatasi alinyamaza, na tangu siku hiyo hataki kulizungumzia jambo hili. Jamaa mmoja ametuambia kikosi hicho kilikuwa cha kuzima moto tu, hawakuwa askari wa kweli. Babu alidanganya? Nimwambie nini mtoto?"*

Marahaba, mwanangu. Nimeusoma ujumbe wako mara mbili, na nitaanza na kitu ambacho hukukiuliza: ule mkebe.

Usiushike tena. Usiuoshe, usiukwangue kutu, usiupeleke kwa fundi auangalie, na watoto wasiukaribie. Yawezekana kabisa ni mkebe wa tumbaku. Lakini askari waliopita Pendleton mwaka 1945 walifundishwa kushughulikia mabomu ya Kijapani, yakiwemo madogo ya kuwasha moto, na vijana wa umri ule wanapenda kurudi nyumbani na kitu cha kuonyesha. Mabomu ya namna hiyo hayafi kwa uzee. Mwaka 2014 wafanyakazi wa misitu karibu na Lumby, British Columbia, nchini Kanada, walikuta moja limezama nusu ardhini, miaka karibu 70 baada ya kuanguka, na wanajeshi walioitwa wakaona afadhali walilipue palepale kuliko kulihamisha. Tokeni kwenye chumba hicho, pigeni 911, elezeni mlichokiona na mlikikuta wapi, mwaachie wenye kazi yao. Kama ni tumbaku mtacheka wote pamoja. Mengine yote nitakayoyasema hapa yanaweza kungoja hadi hilo liishe.

Sasa tuje kwa mzee. Nikikuelewa vizuri, unachoulizia si historia peke yake. Unauliza kama mtu ambaye familia nzima imejivunia mruko wake mmoja alikuwa mwongo, na kama wewe, mke wa mjukuu, ndiye uliyefunua sanduku la aibu. Kwa kifupi: kama alikuwa kwenye kikosi cha 555, hakuruka Normandy. Kwamba alikuwa askari wa miamvuli, hilo karatasi imekwisha kulithibitisha. Na kuhusu kudanganya, mimi nisingefika haraka kwenye neno hilo.

Tuanze na tarehe. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Juni 1944, askari wa miamvuli wa Marekani zaidi ya 13,000 waliruka Normandy. Walitoka divisheni mbili, ya 82 na ya 101. Jeshi la Marekani wakati huo lilitenganisha watu kwa rangi, na divisheni hizo mbili zilikuwa za weupe. Siku hiyo 555 ilikuwa bado haijawa hata batalioni. Ilikuwa kombania moja, yaani kikosi kidogo kuliko batalioni, iko mazoezini Fort Benning, Georgia. Julai ikahamia Camp Mackall, North Carolina, na Novemba 1944 ndipo ikapandishwa kuwa batalioni. Hakuna namna ya kuzipinda tarehe hizo zikafika Ufaransa.

Hapo ndipo watu wengi hukosea hatua ya pili. Wakishaona Normandy haipo, wanasema basi hakuna kitu. Hebu sikiliza kombania hiyo ilizaliwaje, kisha uamue.

Mwaka 1943 kulikuwa na sajenti mmoja mweusi Fort Benning, Walter Morris, aliyesimamia kombania ya huduma kwenye shule ya miamvuli. Kazi ya watu wake ilikuwa ulinzi. Walilinda viwanja vya mazoezi ambavyo wenyewe hawakuruhusiwa kuvitumia, walilinda minara ya kurukia, walilinda ndege. Morris alisimulia baadaye kwamba wafungwa wa kivita, Wajerumani na Waitaliano, waliingia kwenye duka la kambi kununua sigara na soda, mahali ambapo askari mweusi aliyevaa sare ya Marekani hakukubaliwa. Aliona watu wake wanavyozidi kuinamisha vichwa. Basi akabuni jambo. Jioni wanafunzi weupe wakishaondoka uwanjani, yeye anawaingiza watu wake, wanafanya mazoezi yaleyale waliyokuwa wakiyatazama mchana kutwa: kukimbia, kupiga pushapu, kuruka kutoka mlango wa ndege ya bandia. Hakuna aliyemtuma. Mkuu wa shule, Jenerali Ridgely Gaither, akapita siku moja akawaona. Morris aliitwa ofisini akijua amekwisha. Badala yake akaambiwa kwamba amri imetoka juu ya kuundwa kombania ya miamvuli ya weusi, na yeye ndiye atakuwa sajenti wake mkuu.

Kombania ilianzishwa rasmi tarehe 30 Desemba 1943. Walianza na platuni ya majaribio ya watu 20 hivi waliojitolea, wengi wao kutoka Divisheni ya 92, ambayo ishara yake ilikuwa nyati. Februari 1944 wa kwanza wakapata mabawa, yaani beji ya waliohitimu kuruka. Jina lao la utani, Triple Nickles, yaani nikeli tatu, limetoka hapo. Sarafu ya senti tano ya Marekani huitwa nikeli, na ile ya zamani ilikuwa na picha ya nyati. Tano tatu, na nyati. Wao wenyewe walilitamka kwa madaha, na wakaibadili tahajia yake kwa makusudi, kwa hiyo ukiliona limeandikwa hivyo usilisahihishe.

Jambo moja zaidi ambalo watu hulipita haraka: maafisa wao pia walikuwa weusi, kuanzia kamanda, Kapteni James Porter, kushuka chini. Katika jeshi lile, ambamo vikosi vingi vya weusi viliongozwa na maafisa weupe, hilo lilikuwa nadra sana. Kila mtu aliyekuwa mle alijua kwamba akivunjika mguu kwa uzembe, kuna mtu mahali fulani ataandika kuwa weusi hawawezi kazi hii.

Kwa nini basi hawakupelekwa Ulaya? Utasikia sababu mbili, na zote zina ukweli. Ya kwanza ni hesabu. Batalioni ilikuwa bado inajijaza watu, na kufikia mapema mwaka 1945 vita ya Ulaya ilikuwa inaelekea ukingoni. Ya pili ni kwamba kikosi cha weusi ambacho lazima kitengwe na wengine, kilale peke yake, kile peke yake, kiongozwe na maafisa wake peke yake, ni kikosi ambacho makamanda wachache walikitaka kwenye ramani zao. Ukiniuliza mimi, sababu ya pili ndiyo iliyoizaa ya kwanza. Vijana wale hawakukosa vita kwa kuiogopa. Walipandishwa treni Mei 1945 kuelekea magharibi wakiamini wanakwenda Pasifiki kupigana na Wajapani, na walikuwa tayari.

Treni ikawashusha Pendleton, Oregon. Hapo ndipo picha yenu inapoanza kusema.

Japani ilikuwa imebuni silaha ya ajabu kabisa. Juu sana angani, kiasi cha mita 9,000 na kuzidi, kuna mkondo wa upepo unaovuka Bahari ya Pasifiki kutoka Japani kwenda Amerika, na majira ya baridi huwa una nguvu sana. Wajapani walitengeneza maputo ya karatasi yenye kipenyo cha mita 10 hivi, wakayajaza haidrojeni, wakayaachia upepo huo uyachukue. Karatasi yenyewe ilitokana na nyuzi za mforosadi, tabaka juu ya tabaka, na gundi yake ilipikwa kutokana na kiazi kiitwacho konnyaku. Kazi ya kubandika ilifanywa kwa sehemu kubwa na wasichana wa shule. Ndiyo maana nimeshtuka kidogo kusoma juu ya kile kipande chenu cha karatasi nene, ingawa mtu hawezi kuthibitisha kitu kama hicho kwa kusimuliwa rangi.

Ujanja wa puto ulikuwa kwenye mifuko ya mchanga. Mchana jua likilipasha joto, gesi hutanuka na puto hupanda, na vali hutoa kiasi cha gesi lisije likapasuka. Usiku gesi husinyaa na puto huanza kushuka. Likishuka chini ya kimo kilichopangwa, kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa huunganisha umeme wa betri, fataki ndogo hulipuka, na mifuko ya mchanga huanguka. Puto linapata wepesi, linarudi juu. Hivyo hivyo kwa siku tatu hivi, baharini kote, bila mtu. Mchanga ukiisha, zamu ya kuanguka ni ya mabomu: moja la kuua watu la kilo 15, na mengine madogo ya kuwasha misitu. Wanajiolojia wa Marekani waliuchunguza mchanga wa mifuko iliyookotwa hadi wakakisia ulichotwa kwenye fukwe zipi za Japani. Mimi nimefundisha historia ya majeshi miaka mingi, na bado sijapata mfano mzuri kuliko huo wa vita inayopiganwa kwa darubini ya maabara.

Maputo zaidi ya 9,000 yalirushwa kati ya Novemba 1944 na Aprili 1945. Yaliyothibitishwa kufika Amerika Kaskazini ni kama 300. Serikali ya Marekani iliviomba vyombo vya habari vinyamaze, ili Japani isijue kama silaha yake inafika. Ukimya huo ulifanya kazi, maana Wajapani waliacha kurusha bila kujua matokeo. Lakini ulikuwa na bei. Tarehe 5 Mei 1945, karibu na Bly, Oregon, mke wa mchungaji, Elsie Mitchell, aliyekuwa mjamzito, alikwenda msituni na watoto watano kwa mandari. Walikuta kitu chini. Hakuna aliyekuwa amewaonya. Walikufa wote sita.

Katika hali hiyo ndipo 555 walipofika, kwa kazi iliyopewa jina la siri la Firefly, yaani kimulimuli. Askari wapatao 300, wengine Pendleton, wengine Chico huko California.

Nisikufiche jambo ambalo wasimuliaji wengi hulipamba. Kufikia wakati batalioni inaingia kazini, maputo yalikuwa yamekwisha kukoma kurushwa. Tena yalikuwa yamerushwa majira ambayo upepo una nguvu, na majira hayo misitu ya kule imelowa na theluji imelala, haishiki moto. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mioto waliyoizima kiangazi kile iliwashwa na radi au na binadamu wa kawaida. Mwanao akisimama mbele ya darasa akasema babu aliizuia Japani isiteketeze Oregon, atakuwa amebadilisha hadithi moja iliyovimba kwa nyingine.

Sasa yule jamaa yenu na "kuzima moto tu". Ningependa umweleze mruko wenyewe unavyokuwa.

Askari wa miamvuli wa kawaida anafundishwa kuukimbia mti. Anarukia uwanja mtupu. Kamba iliyofungwa kwenye ndege inamfungulia mwavuli, anashuka mahali upepo unapotaka, anaanguka kwa kujiviringisha, anaamka na bunduki. Huko Oregon walilazimika kusahau nusu ya hayo. Milimani uwanja mtupu mara nyingi ni mwamba au magogo, na mti ndio godoro. Walifundishwa na watu wa idara ya misitu kuulenga mti kwa makusudi, wakitumia miamvuli yenye nyufa zilizokatwa ili mrukaji aweze kuigeuza kulia na kushoto. Ndiyo sababu ya kofia za mpira wa Kimarekani zenye wavu wa waya: tawi lisikuingie jichoni. Walivaa suti nzito zenye kola iliyosimama, na mguuni mfuko mkubwa. Katika mfuko huo mna kamba ya futi 50.

Mwavuli ukishanasa kileleni, wewe unaning'inia. Unaitoa kamba mfukoni, unaifunga kwenye mikanda ya mwavuli iliyo juu ya mabega yako, unaipitisha kwenye pete za suti ili ikukabe, unaachia kifungo kimoja baada ya kingine, kisha unajishusha taratibu. Ukikosea mpangilio, hakuna wa kukudaka. Na ukifika chini salama, kazi ndiyo kwanza inaanza: shoka na sululu, kukata mstari wa udongo mtupu kuuzunguka moto, siku mbili au tatu, halafu kutembea na mizigo hadi barabara iliko.

Kiangazi hicho, kati ya Julai na Oktoba, walikwenda kwenye mioto 36 na kufanya miruko zaidi ya 1,200. Mmoja hakurudi. Malvin Brown, mganga wa kikosi, alinasa kwenye mti mrefu katika msitu wa Umpqua tarehe 6 Agosti 1945, akaanguka alipokuwa akijaribu kujishusha. Wenzake walimbeba kwa miguu kutoka mle msituni. Tarehe hiyohiyo ulimwengu mzima unaikumbuka kwa Hiroshima, na pengine ndiyo maana hakuna aliyeikumbuka kwa ajili yake. Na huko mjini, watu hawa waliotoka kuzima moto walikataliwa huduma kwenye mabaa na mikahawa mingi kwa sababu ya rangi yao.

Mwambie jamaa yako na hili pia. Waruka-moshi wa idara ya misitu, yaani wazima moto wanaoshuka kwa mwavuli, waliruka kwenye moto kwa mara ya kwanza Julai 1940. Mwezi mmoja kabla, afisa wa jeshi, Meja William Lee, alikwenda kuwatazama wakifanya mazoezi huko Montana, na mambo aliyoyaona yakatumika kuwafunza askari wa kwanza wa miamvuli Fort Benning. Jeshi lilijifunza kwa watu wa moto kwanza.

Kwa hiyo tunabaki na swali la Normandy lilitoka wapi. Naona njia tatu, na mojawapo ndiyo ningekuwa mwepesi zaidi wa kuiamini.

Yawezekana mzee alichanganywa na mtu mwingine. Askari weusi walikuwepo Normandy siku ile, ila waliingia kwa bahari. Batalioni ya 320 ilitua ufukweni na maputo ya ulinzi, yale yanayofungwa kwa nyaya ili ndege za adui zisishuke chini. Mzee anasema "maputo", mtoto anasikia "maputo", na miaka 30 baadaye mtu anasoma habari za Normandy anaziunganisha. Yawezekana pia aliruka vitani kweli, lakini Korea. Batalioni ilipovunjwa Desemba 1947 wengi waliingizwa Divisheni ya 82, na baadhi yao baadaye walikuwa kwenye kombania ya pili ya makomando wa Ranger, ya weusi watupu, iliyoruka Munsan-ni tarehe 23 Machi 1951. Itazame ile beji: waliokwisha kuruka vitani walizoea kuweka nyota ndogo ya shaba juu ya mabawa. Kutokuwepo kwake hakuthibitishi kitu, lakini ikiwepo, nitafute haraka. Tazama vilevile tarehe ya kuachishwa. Ikiwa ni 1945 au 1946 na hakuna karatasi ya pili, Korea inaanza kuwa mbali.

Njia ya tatu ndiyo ninayoielekea. Mzee alisema alikuwa askari wa miamvuli, akanyamaza. Kazi yenyewe ilikuwa ya siri, na baada ya siri kuisha haikuwa na jina ambalo mtu wa kawaida analijua. Waliomzunguka walijua mahali pamoja tu ambapo askari wa miamvuli waliruka. Wakamweka huko. Yeye hakuwasahihisha, na mimi siwezi kumlaumu mtu mweusi wa miaka ya 1950 kwa kutotaka kueleza kila sikukuu kwamba nchi yake ilimfunza kuruka vitani kisha ikampa shoka. Lakini ni makisio, mwanangu. Anayeweza kuyapima ni mama mkwe wako, siyo mimi.

Mkitaka ushahidi zaidi, hali iko hivi. Majalada ya askari yako St. Louis, Missouri, na tarehe 12 Julai 1973 jengo hilo liliungua. Kama asilimia 80 ya majalada ya jeshi la nchi kavu ya walioachishwa kati ya Novemba 1912 na Januari 1960 yaliteketea. Ndiyo, moto tena. Jalada la mtu aliyeachishwa zaidi ya miaka 62 iliyopita liko wazi kwa yeyote, kwa hiyo mume wako anaweza kuomba kwa fomu namba 180, lakini mjiandae kujibiwa kwamba halipo au zimebaki kingo tu. Mkijibiwa hivyo, ombeni hati yake ya malipo ya mwisho na muulizie ripoti za asubuhi za batalioni. Kila kombania iliandika kila siku nani amefika, nani anaumwa, nani amehamishwa, nani amepandishwa cheo. Ni kazi ya kuchosha, maana mtu asiyepatwa na lolote hatajwi, lakini jina lake likitokea na tarehe, hamna wa kulibishia. Wapo watafiti wa kulipwa wanaofanya kazi hiyo kwa niaba yenu, na wengine ni hodari. Anayewaahidi kulifufua jalada lililoungua, msimpe pesa.

Kwa mambo mawili msitegemee barua yangu, nendeni kwa mtu ana kwa ana. Karatasi ya kuachishwa na kile kipande kinene vipelekeni kwa mtunza kumbukumbu wa makumbusho au maktaba kubwa, avione kwa macho yake. Msivipitishe kwenye mashine ya plastiki, maana joto na gundi yake ndivyo vitakavyoviua. Na kwenye kaunti nyingi kuna afisa wa kuwahudumia maveterani na familia zao, bila malipo. Anajua kuisoma hiyo karatasi msimbo kwa msimbo kuliko mtu yeyote mtandaoni, nikiwemo mimi.

Kuhusu mwanao, usimwambie hadithi ilikuwa ya uongo, wala usimwache aende na Normandy. Mweleze kwamba mmefungua sanduku mkakuta babu alikuwa mahali pengine. Mtoto wa umri huo ataipenda kamba ya futi 50 kuliko historia yote niliyoandika hapa. Akitaka mwisho wa kusimulia, yuko Jenerali James Gavin wa Divisheni ya 82, aliyesisitiza 555 waandamane na divisheni yake kwenye gwaride la ushindi New York, tarehe 12 Januari 1946, wakiwa na nembo ya 82 begani. Mwaka 1947 batalioni ikavunjwa na watu wake kuingizwa humohumo, kabla Rais Truman hajatoa amri ya Julai 1948 ya kuondoa ubaguzi jeshini.

Kwa mama mkwe nenda polepole. Usimpelekee barua hii kama hukumu. Mshike mkono siku moja jikoni, umpe ile picha, umwombe akuonyeshe baba yake ni yupi kati ya wale wanne. Akishakuonyesha, tazameni mguuni kwake kama mfuko wa kamba unaonekana. Halafu muulize kama mzee aliwahi kutaja miti.

Na ile picha msiipeleke shuleni yenyewe. Itoeni nakala, mbele na nyuma. Mtoto abebe nakala.